SAA TATU YA NANI? SOMA HII KABLA HUJALIPIA UKUMBI WA KIKAO



Leo siongelei mtaji wala namna ya kupanga bidhaa dukani. Naongelea kitu ambacho wengi tunakichukulia poa mpaka kitutokee: sehemu ya kukutania. Kikundi chenu kinataka kukaa. Au mnataka kumuita msambazaji mkubwa aje awasikilize. Au mnataka kufundishana mahesabu. Mnakaa wapi? Mnalipia vipi? Na ikiharibika, lawama anabeba nani?

Mimi nilibeba. Ngoja nikusimulie, halafu nikupe niliyojifunza, ili wewe usilipie ada niliyolipa mimi.

ILIVYOKUWA

Nina duka la vyakula Kihonda, hapa Morogoro. Duka la kawaida tu: unga, sukari, mafuta, sabuni, chumvi. Niliishia kidato cha nne, biashara nimejifunzia humu humu dukani. Tulikuwa wenye maduka 16 wa mitaa ya jirani, kila mtu ananunua mzigo kivyake kwa bei ya jumla ya hapa mjini. Tukasema, kwa nini tusiagize pamoja? Watu 16 wakiagiza unga wa ngano kwa mkupuo mmoja, hata msambazaji wa Dar atatusikiliza.

Tukampata mmoja. Akasema yuko tayari kuja kutuona, tangu treni ya SGR ianze kuja Moro mwaka 2024 kwake ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Alikuwa na tiketi ya kurudi mchana, kwa hiyo tukakubaliana Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa sita.

Kazi ya kutafuta ukumbi nikapewa mimi. "Wewe binti ndio unajua mambo ya simu," mzee wetu mmoja alisema. Kila mtu akatoa 8,000. Jumla 128,000. Ukumbi 80,000 kwa nusu siku, soda na maandazi 34,000, na 14,000 ikabaki kwa usafiri wa mgeni. Hesabu imekaa vizuri kabisa.

Nikapiga simu ukumbi mmoja wa hapa mjini. Nikamwambia dada wa mapokezi, tunataka Jumamosi asubuhi saa tatu. Akasema sawa, nakutumia fomu WhatsApp, ujaze. Fomu ilikuwa na sehemu ya muda wa kuanza na muda wa kumaliza. Nikajaza 3:00 na 6:00. Nikalipa yote 80,000 kwa simu, nikatuma picha ya muamala, akajibu "Imepokelewa dada, karibuni."

Jumamosi nimefika saa mbili na nusu na mabeseni yangu ya maandazi. Ukumbi umejaa watu. Kuna semina ya watu wengine kabisa, wameshaanza, mwalimu anaongea kwa maiki. Nikaenda mapokezi. Dada akafungua kompyuta, akaniangalia, akasema, "Dada, nyie mpo saa tisa alasiri. Angalia hapa, 3:00 mpaka 6:00."

Ndugu zangu, miguu iliisha nguvu.

Kompyuta inahesabu saa kwa mtindo wa Kizungu. 3:00 yake ya mchana ni saa tisa yetu. Saa tatu yetu ya asubuhi ni 9:00 kwake. Kwenye simu nilisema asubuhi, ni kweli. Ila kwenye fomu neno asubuhi halikuwepo. Na fomu ndiyo iliyobaki, maneno ya simu yalishapita.

Nikamuomba meneja anirudishie hela. Akasema ukumbi wenu upo, njooni saa tisa mtaukuta mtupu. Kwa upande wake hajanikosea. Na ukiniuliza leo, siwezi kusema aliniibia. Ila saa tisa mgeni wetu angekuwa ameshaondoka, na wenye maduka 16 walikuwa wamefunga Jumamosi asubuhi, tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kikao chetu cha kwanza kikafanyikia kwenye maegesho ya magari. Watu wamesimama juani, wameshika soda. Mgeni alikaa kama dakika 40, hakuna aliyesikia vizuri maana spika za semina zilikuwa zinapiga kelele ndani. Akaaga kwa ustaarabu. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Mkijipanga, mtanitafuta."

Hilo neno "mkijipanga" liliniuma kuliko hela.

Baada ya hapo maneno yakaanza. Wengine walisema kimya kimya kwamba ukumbi sikulipia, hela nimekula. Mama mmoja, ambaye ni kama mama yangu mzazi, alikuja dukani akaniambia, "Mwanangu, mimi sisemi umeiba. Ila nilifunga duka, na wateja wangu wakaenda kwa jirani. Hilo nani atanilipa?" Sikuwa na jibu. Wanachama wanne wakajitoa. Nikaamua kurudisha hela ya ukumbi kutoka mfukoni mwangu, 5,000 kwa kila mtu. Ukinitoa mimi ni watu 15, yaani 75,000. Kwa duka langu hiyo si hela ndogo, ilinichukua miezi mitatu.

Ndiyo maana nasema ukumbi sio jambo dogo. Ukiita watu, umebeba muda wao na mauzo yao ya siku hiyo. Kwa hiyo tafuta ukumbi kama unavyonunua mzigo: unauona, unauhesabu, unaandikiana.

Sasa twende kwenye somo.

1. ANZA NA KIKAO, USIANZE NA UKUMBI

Kabla hujauliza bei mahali popote, jibu maswali manne. Watu wangapi watakuja kweli, sio wangapi mmewaalika? Mtakaa saa ngapi? Kuna mtu wa kuandika ubaoni au kuonyesha kitu kwa projekta? Kuna mgeni wa kuheshimiwa, au ni sisi kwa sisi?

Kikao cha kukusanya michango ya kikoba cha watu 12 hakihitaji ukumbi wa 80,000. Mafunzo ya siku nzima yanahitaji choo, maji na sehemu ya kula. Kikao na msambazaji au afisa wa benki kinahitaji utulivu na viti vya maana, kwa sababu siku hiyo mnapimwa kama mko makini. Sisi tulilipia ukumbi mkubwa kuliko shida yetu kwa sababu ya kutaka kuonekana.

2. SEHEMU ZIPO NYINGI KULIKO UNAVYODHANI

Madarasa ya shule. Jumamosi, Jumapili na wakati wa likizo yamekaa tu. Unaandika barua kwa mwalimu mkuu, unaeleza ni kikundi gani, watu wangapi, tarehe, saa na shughuli. Uzuri wake: ubao upo, madawati yapo, gharama ni ndogo. Ubaya wake: majibu yanachelewa kwa sababu mwalimu mkuu mara nyingi haamui peke yake, na madawati ya shule ya msingi ni ya watoto. Wazee na akina mama wenye miili watateseka. Omba darasa la juu au azima viti.

Ofisi ya serikali ya mtaa au ya kata. Nyingine zina ukumbi mdogo au hata baraza zuri. Muone mtendaji. Ukifika pale mtafute na afisa maendeleo ya jamii, kwa sababu huyo ndiye wa kumuuliza kuhusu kusajili kikundi na ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Umeenda kuomba ukumbi, umerudi na la ziada.

SIDO. Hili ni shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, limeanzishwa mwaka 1973 na lina ofisi mikoani. Kufundisha wajasiriamali wadogo ni sehemu ya kazi yao. Kama kikundi chenu kinasindika, kinatengeneza sabuni au kinafungasha viungo, nenda kaulize kama wana nafasi ya kukutania, na kama kuna mafunzo mnaweza kuunganishwa.

Kumbi za makanisa na misikiti. Nyingi ni safi, zina viti, na bei yake inaeleweka. Ila heshimu nyumba ya watu: uliza kuhusu mavazi, muziki na vinywaji, na uliza ratiba ya kwaya na mafundisho. Na usisahau kikundi kina watu wa dini zote. Waulize kwanza kama wote wako sawa kukaa hapo.

Migahawa na baa. Baa nyingi asubuhi ni tupu mpaka mchana. Mwenyewe anafurahi mkikaa upande wa nyuma na kuagiza soda na supu, hela ya ukumbi hadai. Ila wapo wanachama ambao hawatakanyaga baa hata iwe asubuhi, na hawatakwambia. Hawatakuja tu. Mgahawa wa kawaida ni salama zaidi. Muombe mama mwenye mgahawa saa ambazo hana wateja wengi, kati ya chai na chakula cha mchana, na kubalianeni mapema mtaagiza kiasi gani.

Hoteli na loji. Hizi ni za siku ya mgeni mkubwa au mafunzo ya kulipiwa. Nitarudi kwenye bei zake hapo chini, zina mitego.

Nyumbani kwa mwanachama. Turubai, viti vya plastiki vya kukodi, kivuli cha mwembe. Usidharau. Vikundi vingi vya kukopeshana vimekua hivyo hivyo. Mpe taarifa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, ili watu wakiona mkusanyiko na hela zinahesabiwa, wasianze kujiuliza.

3. NENDA KAONE, TENA SAA ILE ILE

Picha za mtandaoni zinapigwa siku ukumbi umepambwa. Wengine wanatuma picha za ukumbi ambao hata sio wao. Nenda mwenyewe. Na kama kikao ni Jumamosi saa nane mchana, nenda Jumamosi saa nane mchana ya wiki moja kabla. Ndipo utakapojua kwamba jirani kuna gereji inagonga mabati, au kwaya inafanya mazoezi, au chumba cha pili wanapamba sendofu na muziki umefunguliwa wote.

Ukiwa pale, angalia haya:

Paa. Kama ni bati tupu bila dari na mnakutana kipindi cha masika, hamtasikilizana. Mwezi wa nne mmoja nilikaa kwenye mafunzo ya kikoba, mvua ikaanza, na kwa Moro unajua ikianza huko Uluguru hatanii mtu. Mwalimu alinyamaza karibu saa nzima. Tulilipa kusikiliza mvua.

Umeme. Soketi ziko wapi, na zinafanya kazi? Chomeka chaja ya simu yako uone. Umeme ukikatika kuna jenereta? Mafuta ya jenereta ni ya nani? Hilo swali la mafuta wengi hawaulizi, halafu siku ya siku wanaambiwa watoe.

Viti. Hesabu kwa kidole. "Vipo vingi" sio idadi.

Choo. Ingia ndani. Kuna maji? Mlango unafunga? Funguo anakaa nayo nani siku za wikendi? Kikao cha saa tatu bila choo ni adhabu, hasa kwa akina mama.

Ngazi. Ukumbi wa ghorofa ya pili unaweza kumuacha chini mzee wenu au mwanachama mwenye ulemavu. Akikosa mara mbili, hamtamuona tena.

Njia. Bodaboda na daladala zinafika? Mkitoka jioni kuna taa? Kumbuka mara nyingine mtakuwa mmebeba michango ya watu.

4. BEI: ULIZA MPAKA UONEKANE MSUMBUFU

Swali la kwanza: bei hii ina nini ndani? Viti, meza, maiki, projekta, usafi, mlinzi, jenereta. Kila ambacho hakikutajwa, kihesabu kwamba hakimo.

Swali la pili: VAT imo au haimo? Kwa Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18. Kwa kiwango hicho, ukiambiwa 100,000 bila VAT, utalipa 118,000. Kwa kikundi kidogo hiyo 18,000 ni soda za watu wote. Anayetakiwa kutoza VAT ni yule aliyesajiliwa tu, kwa hiyo anayekutajia VAT akupe na risiti ya EFD yenye kuonyesha hiyo kodi. Hana risiti, VAT gani hiyo?

Swali la tatu: mnalipia ukumbi au mnalipia kichwa? Hoteli nyingi zinahesabu kwa kichwa: ukumbi, chai, chakula na maji kwa kila mtu. Inaonekana rahisi, ila ukiandika watu 20 wakaja 13, unalipa 20. Mimi sasa naandika idadi ya chini ninayoiamini, halafu nakubaliana nao kwamba wakiongezeka watatu wanne tunaongeza hela siku hiyo hiyo.

Swali la nne: saa zinahesabiwa kuanzia lini? Ukumbi unahesabu kuanzia saa mliyolipia, sio saa ambayo watu wenu wamefika. Sisi Watanzania tunajijua. Kama mmelipia kuanzia saa tatu, waite watu saa mbili na nusu, na uombe kuingia mapema bila kuongezewa hela.

Kuhusu kupunguziwa, chagua siku. Kumbi za sherehe zinajaa Jumamosi, na mwezi wa 12 usijisumbue. Ila kipindi cha Kwaresima na mwezi wa Ramadhani harusi zinapungua, kwa hiyo meneja ana siku nyingi tupu. Huo ndio muda wa kuongea naye vizuri. Ila Ramadhani maliza mapema watu wawahi kufuturu, na usipange kikao cha kula mchana wakati nusu ya kikundi wamefunga. Katikati ya wiki asubuhi nayo ina nafuu, kama wanachama wenu wanaweza kuacha mtu dukani.

5. MALIPO: ANGALIA JINA KABLA YA NAMBA YA SIRI

Lipia kwenye lipa namba ya biashara au akaunti ya benki yenye jina la ukumbi. Ukituma kwa simu, jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Likija jina la mtu usiyemjua, simama, piga simu, uliza. Kama ni ukumbi wa taasisi ya serikali, omba kontro namba ulipe kwa hiyo, usimpe mtu hela mkononi hata awe amevaa tai.

Usilipe yote kama hulazimiki. Mimi sasa natoa nusu, iliyobaki naimalizia siku ya kikao nikiwa nimeshika mlango uko wazi. Nikiwa nimelipa yote siku ile, nilikuwa sina cha kuongelea na meneja.

Na risiti zote, hata ya maandazi, piga picha na weka kwenye grupu la kikundi siku hiyo hiyo. Mimi picha ya muamala nilimtumia dada wa mapokezi, kwenye grupu sikuweka. Ningeiweka, yale maneno ya "kala hela" yasingepata pa kusimama.

6. ANDIKA SAA KWA MANENO

Hapa ndipo penye maumivu yangu. Usiandike 3:00. Andika "saa 3:00 asubuhi". Na kama wanatumia fomu au kompyuta, ongeza "yaani 9:00 ya kompyuta". Njia rahisi ya kukumbuka: ongeza au punguza sita. Saa tatu yetu ongeza sita, unapata 9:00. Saa nane mchana punguza sita, unapata 2:00 ya mchana, ambayo wengine wanaiandika 14:00.

Tarehe nayo andika na siku: "Jumamosi tarehe 14". Mtu akikosea kimoja, kingine kitamshtua.

Meseji ninayotumia sasa ni hii, inakili uibadilishe:

"Habari. Nathibitisha tuliyokubaliana. Ukumbi mdogo, watu 20, Jumamosi tarehe ___, kuanzia saa 3:00 asubuhi (9:00 ya kompyuta) mpaka saa 6:00 mchana (12:00 ya kompyuta). Tutaingia saa 2:30 asubuhi kupanga viti. Bei ni shilingi ___, VAT imo. Ndani ya bei kuna viti 20, meza 2, umeme, mafuta ya jenereta na choo. Leo tumelipa ___, iliyobaki ___ tutalipa siku ya kikao. Nyie mkiahirisha, mnarudisha hela yote. Sisi tukiahirisha siku 7 kabla, mnarudisha ___. Kama ni sawa naomba unijibu SAWA pamoja na jina lako."

Akijibu SAWA, piga picha ya hiyo meseji. Asipojibu, usitume hela. Meneja wa kweli hachukii meseji kama hiyo, inamsaidia na yeye.

7. SIKU MBILI KABLA, PIGA SIMU

Usiulize, "Tupo?" Watakujibu mpo. Uliza hivi: "Dada, kwenye kitabu chenu Jumamosi asubuhi yupo nani?" Mwache akusomee mwenyewe. Ningeuliza swali hilo moja, angenisomea jina la semina ile, na tungerekebisha tukiwa na siku mbili mkononi. Na kila wakati uwe na sehemu ya pili kichwani, hata kama ni baraza la mwanachama. Siku ile ningekuwa nayo, mgeni asingesimama juani.

8. KIKAO KIACHE KARATASI

Chagua katibu, aandike muhtasari: tarehe, mahali, waliohudhuria na sahihi zao, mliyokubaliana. Sio urembo. Mkienda kufungua akaunti ya kikundi benki, muhtasari wa kikao ni kati ya vitu mtakavyoulizwa. Na mwezi ujao mtu akisema "hatukukubaliana hivyo," unafungua daftari.

TULIVYOMALIZIA

Tulibaki 12. Miezi mitatu ilipopita na hela za watu zimerudi, nilimuomba mzee wetu wa kikundi anisindikize shule ya msingi moja ya jirani. Nilipeleka barua nikiwa nimeiandika mara tatu. Mwalimu mkuu aliisoma, akasema itabidi aongee na kamati ya shule. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili: tupewe darasa la saba, Jumamosi mchana, tuchangie rimu mbili za karatasi na tuache darasa safi.

Nilienda kuliona Jumamosi moja kabla. Nikahesabu madawati. Nikaingia chooni. Nikaandika saa kwa maneno kwenye barua, na kwenye grupu, na kwenye karatasi nikabandika dukani kwangu: saa nane mchana.

Halafu nikampigia yule msambazaji. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, ni yule binti wa Moro. Tumejipanga." Alicheka. Akasema marahaba, safari hii sina haja ya kuja mwanzoni, kaeni nyie kwanza mniletee oda moja yenye jumla inayoeleweka.

Tukakaa. Watu 12 kwenye madawati, akina mama wameketi upandeupande kwa sababu magoti hayaingii. Tuliandika oda ubaoni kwa chaki, kila mtu na idadi yake. Mfuko wa unga wa ngano wa kilo 25 ulitushukia kwa 2,000 kuliko tulivyokuwa tunanunua mmoja mmoja. Sio utajiri. Ila ukiuza mifuko kumi kwa mwezi, ni 20,000 ambayo mwanzo ilikuwa inabaki kwa mtu mwingine.

Yule mama aliyeniuliza nani atamlipa duka lake kufungwa, alikuwa mmoja wa wanne waliojitoa. Kikao cha tatu alikuja. Hakusema kitu kuhusu yale ya nyuma. Alikaa dawati la mbele, akatoa daftari lake, akaniuliza, "Haya binti, leo tunamaliza saa ngapi?"

Nikamjibu, "Saa kumi jioni, mama. Ya kwetu."

Kikundi chako mnakutania wapi, na mnalipa kiasi gani? Niambie na mkoa wako, ili mwenzako aliye jirani apate pa kuanzia. Na kama kuna mtu kwenye kikundi chenu amepewa kazi ya kutafuta ukumbi wiki hii, mtumie hii asome leo.

Tuendelee kupambana.